Jeep ya mwaka gani?

Leo tunaongea juu ya motokari. Vijana watafurahi. Wazazi nao wasigeuze ukurasa upesi, maana habari hii ni juu ya feza ya nyumba vilevile.

Kwetu Ituri, motokari ikiuzwa, swali la kwanza la mnunuzi ni lile lile: "Ni ya mwaka gani?" Muuzaji akijibu, "Mzee, hii njo ya mwisho, ya 2008," mnunuzi anafurahi na bei inapanda. Akijibu, "Ya 1992," mnunuzi anakunja uso. Watu wengi wanaamini kwamba mwaka wa motokari ni kama pointi za shule: nyingi ni nzuri, kidogo ni mbaya.

Sisi tunasema: hiyo ni nusu ya ukweli. Kila mara kiwanda kinapobadilisha motokari, kinaongeza kitu, na mara nyingi kinaondoa kitu. Mtu mwenye akili hatosheki na mwaka. Anauliza tena: "Mwaka ule walibadilisha nini? Na walibadilisha kwa ajili ya nani?" Swali hili la pili linaweza kuponya feza ya jamaa, na hata maisha ya watu wanaopanda nyuma juu ya magunia.

Tulipime neno hili kwa motokari mbili. Ya kwanza ni Jeep yenyewe, ile ya Marekani. Ya pili ni Land Cruiser ya Japani, ambayo ilizaliwa kwa sababu ya Jeep, na ambayo sisi huku tunaiita jeep hata leo.

JEEP YA MAREKANI: KUTOKA VITA MPAKA SHAMBA

Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitafuta motokari ndogo, nyepesi, inayosukumwa na magurudumu yote 4. Liliandikia viwanda 135. Kiwanda kidogo cha Bantam njo kilitangulia kuleta mfano. Kiisha Willys na Ford wakaleta ya kwao. Kati ya 1941 na 1945 Willys na Ford walitengeneza zaidi ya 600,000. Ile ya Willys iliitwa MB. Moteri yake ya esanse ilikuwa ya lita 2,2, na nguvu ya farasi 60. Haikuwa na milango ya chuma. Juu yake ilikuwa turubai, na kioo cha mbele kiliweza kulazwa. Haikutengenezwa kwa kupendeza macho. Ilitengenezwa kusudi askari waifungue na kuifunga porini kwa vifaa vichache.

Vita ilipoisha, Willys haikutaka kufunga kazi. Mwaka 1945 ikatoa CJ-2A. Herufi CJ maana yake ni Jeep ya raia. Tazameni waliyobadilisha. Nyuma waliweka mlango wa kushuka chini kwa kupakia. Gurudumu la akiba likahamia ubavuni, lisizuie mlango ule. Taa za mbele zikawa kubwa zaidi. Nafasi za hewa za usoni, zilizokuwa 9, zikawa 7. Sababu gani? Kwa sababu mkulima anapakia magunia na majembe, na anatembea usiku bila kuogopa ndege za adui. Mtumiaji amebadilika, basi motokari imebadilika.

Mwaka 1949 ikaja CJ-3A. Kwa macho ni dada yake yule wa kwanza, ila kioo cha mbele kilikuwa kipande kimoja, si viwili. Mwaka 1953 ikaja CJ-3B. Hii ilipata moteri mpya, yenye nguvu ya farasi zaidi ya 70, lakini moteri ile ilikuwa ndefu kwenda juu. Kifuniko cha zamani hakikuifunika. Willys walifanya nini? Waliinua kifuniko tu, motokari ikawa kama mtu mwenye paji la uso kubwa. Mtu aliyechagua kwa macho aliikataa. Aliyechagua kwa mlima aliichukua.

Kiisha ikaja CJ-5, ile ya mabega ya mviringo, iliyotolewa kwa mwaka wa 1955. Ilifuata sura ya Jeep ambayo jeshi lilitumia wakati wa vita ya Korea. Ilitengenezwa mpaka 1983, karibu miaka 30, kwa jina moja. Hapa vijana wasikilize vizuri. Mwaka 1970 kampuni ya AMC ilinunua Jeep, na kwa mwaka wa 1972 ikaurefusha upande wa mbele wa CJ-5 kusudi moteri kubwa ya silinda 6 iingie. Basi CJ-5 ya 1971 na CJ-5 ya 1972 zina jina moja, lakini kifuniko cha moteri cha moja hakitoshi kwa nyingine. Jina si ushuhuda wa kutosha.

Mwaka 1976 AMC ikaongeza CJ-7, ndefu kupita CJ-5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ilipata nafasi ya milango ya kweli. Tena urefu ule ulisaidia jambo lingine: motokari fupi iliyoinuka juu inayumba na kupinduka upesi kwenye kona kupita motokari ndefu iliyokaa chini.

Na mwaka 1986 ikaja Wrangler, iliyouzwa kama ya mwaka 1987. Wenye Jeep wengi walikasirika. Kwa nini? Taa zake za mbele zilikuwa za pembe nne! Walizoea taa za mviringo tangu vita. Walilalamika miaka 10, na Wrangler ya mwaka 1997 ikarudisha taa za mviringo. Lakini taa hazikuwa jambo kubwa. Ile ya 1987 ilikaa chini kupita CJ-7, na ilishika barabara vizuri zaidi. Ile ya 1997 ilibadilisha resori: mabamba yaliondoka, zikaja za kujikunja kama nyoka, na mwili wa msafiri ukapata raha. Watu walibishana juu ya macho ya motokari, na mabadiliko makubwa yalikuwa chini ya tumbo lake. Mnunuzi wa Bunia anaweza kuanguka katika kosa hili hili.

JEEP INAZAA LAND CRUISER

Vita ya Korea ilianza 1950. Majeshi ya Marekani yaliyokuwa Japani yalihitaji motokari za namna ya Jeep, na viwanda vya Japani vikaombwa kutengeneza. Mwaka 1951 Toyota ikatoa yake, jina lake BJ: B ni jina la moteri, J ni kwa ajili ya Jeep. Mwaka ule ule waliipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha 6 kwa kuonyesha nguvu yake. Lakini jina "Jeep" lilikuwa mali ya Willys. Basi mwaka 1954 Toyota ikaiita Land Cruiser.

Herufi ile J haikuondoka. Iko mpaka leo katika namba za kila Land Cruiser ya kazi, na mtu akijua kuisoma hadanganywi kirahisi. Fungua kifuniko cha moteri, tafuta kibao kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye ukuta kati ya moteri na shofere, soma mstari wa MODEL. Herufi zilizo mbele ya J ni za moteri. F ni moteri ya esanse ya zamani. B ni ya mazutu ya silinda 4. H ni ya mazutu ya silinda 6. HZ ni ya mazutu ya silinda 6 iliyofuata. VD ni ya mazutu ya silinda 8 yenye turbo. GD ni ya mazutu ya silinda 4 ya kisasa, yenye turbo pia. Namba zilizo nyuma ya J zinaonyesha mwili: 40, 45, 75, 78, 79. Basi ukisoma HZJ79, umekwisha kujua mengi kupita yale muuzaji anayotaka kukuambia.

MIAKA YA 40: 1960 MPAKA 1984

Ile ya 40 ilianza 1960. Ni ile fupi yenye uso wa mviringo, na ndugu yake mrefu wa 45 mwenye sanduku la mizigo nyuma. Mwanzoni moteri yake ilikuwa ya esanse, lita 3,9. Ilikuwa na nguvu kwa mlima, lakini ilikunywa sana. Mwaka 1974 ikaja BJ40 ya mazutu, lita 3,0, silinda 4. Ilikuwa pole pole na yenye kelele, lakini ilikula kidogo, na hapa kwetu mazutu ndiyo mafuta ya kamyo. Mwaka 1975 ile ya esanse ikapanda mpaka lita 4,2. Karibu na 1980 zikaja za mazutu zilizokomaa: 3B ya lita 3,4 na 2H ya lita 4,0.

Sasa breki. Zile za kwanza zilikuwa na breki za ngoma kwa magurudumu yote 4. Ngoma ikiingia maji, haishiki. Shofere wa zamani alijua: ukitoka mtoni, unakanyaga breki kidogo kidogo huku unatembea, mpaka zikauke. Asiyejua alitoka mtoni kwa furaha, akakuta mteremko mbele yake, akakanyaga, na motokari haikusikia. Katikati ya miaka ya 1970 Toyota ikaanza kuweka breki za sahani mbele. Zile zilizouzwa Marekani zilizipata kwa mwaka wa 1976. Sahani inatupa maji na kushika upesi. Hapa mpya ni nzuri kupita zamani, na hakuna ubishi. Mtu akikuletea ya 40 leo na kusema, "Iko ngumu kama jiwe," mwambie ni kweli, kiisha umuulize, "Na kwa kusimama, iko namna gani?"

75 NA 79: MAKABILA MAWILI YA BARABARA YETU

Mwaka 1984 Toyota ikaacha ya 40 na kuanzisha ya 70. Pikapu yake ndefu iliitwa 75. Mwanzoni ilipata zile moteri za zamani, 3B na 2H. Mwaka 1990 ikapata moteri mpya, 1HZ: lita 4,2, silinda 6, bila turbo. Hii njo HZJ75. Mwaka 1999 ikafuata HZJ79, pamoja na HZJ78, ile ndefu iliyofungwa nyuma ambayo inabeba wagonjwa na wafanya kazi wa afya. Mwaka 2021 shirika la OMS lilikubali motokari ya kubeba chanjo yenye friji ya lita 396, na mwili waliochagua ulikuwa ule wa 78, uliokuwa tayari na zaidi ya miaka 20. Watu wale hawakutafuta sura mpya. Walitafuta kitu kitakachofika.

Tulinganishe basi, kitu kwa kitu.

Moteri. Ile 2H ya zamani ilikuwa na nguvu ya farasi karibu 100. Ile 1HZ ina karibu 130. Kwa kupanda mlima na mizigo, 1HZ inashinda. Lakini tazama ndani. Katika 2H na 3B, moteri inapanga kazi ya vali zake kwa magurudumu ya meno, chuma kwa chuma. Katika 1HZ kazi ile inafanywa na mkanda. Mkanda unachakaa. Kwenye ubao mbele ya shofere iko taa iliyoandikwa T-BELT, inayowaka kilometa zikitimia, kusudi mkanda ubadilishwe. Ukikatika wakati moteri inazunguka, vali na pistoni zinagongana, na moteri nzima inaharibika kwa dakika moja. Mashofere wengine wanaiona taa ile, wanatoa balbu yake kusudi isiwasumbue. Huko ni kumfunga mlinzi mdomo. Ukinunua 1HZ na hakuna karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, hesabu bei ya mkanda mpya siku ile ile.

Resori. Ile 75 ina mabamba mbele na nyuma. Inarusha abiria, ni kweli. Lakini bamba likivunjika njiani, fundi wa kijijini anaweza kupata lingine au kulitengeneza kwa moto na nyundo, na motokari ikafika nyumbani. Ile 79 mbele ina zile za kujikunja, na nyuma ilibaki na mabamba kwa sababu ya mizigo. Mbele inatulia, shofere hachoki upesi, usukani unatii. Lakini ile ya kujikunja ikivunjika, moto na nyundo haviisaidii. Unangoja kipande kutoka mjini.

Magurudumu. Ile 75 inafunga gurudumu kwa buloni 6. Ile 79 inafunga kwa buloni 5. Ni jambo dogo? Mtu amenunua gurudumu la akiba kwa bei nzuri, ameliweka nyuma miezi mitatu, na siku mpira unapasuka katika matope anakuta matundu 6 kwa buloni 5. Hesabu buloni mbele ya kulipa.

Hapa hatusemi 75 ni nzuri kupita 79. Ile 79 ni salama na tulivu zaidi kwa shofere anayesafiri kila siku. Ile 75 ni rahisi kwa mtu anayekaa mbali na garaji na anayejitengenezea mwenyewe. Kila moja ina njia yake na mtu wake.

USO WA 2007, MOYO WA 1990

Mwaka 2007 Toyota ilipanua upande wa mbele wa 79. Taa za mviringo zikaondoka, uso ukawa mpana na wa kisasa. Sababu ya kupanua ilikuwa moteri mpya ya silinda 8, lita 4,5, yenye turbo, kwa ajili ya nchi kama Australia. Moteri ile ni pana, haikuingia katika mwili mwembamba. Ni hadithi ile ile ya Jeep ya 1953 na ya 1972: moteri imeamuru uso.

Lakini kwa Afrika, Toyota iliendelea kuweka 1HZ katika mwili ule mpana. Zaidi ya miaka 30 tangu 1990, moteri ile ilikuwa bado inawekwa katika motokari mpya za soko letu. Basi mtu aliyelipa bei kubwa kwa sababu ya "sura ya mpya" mara nyingi amenunua moteri ile ile ambayo jirani yake anayo katika 75 ya 1992.

Kwa nini kiwanda kikubwa kilishika moteri ya zamani namna ile? Jibu liko katika bidoni. Moteri za mazutu za kisasa zinasukuma mafuta kwa nguvu kubwa sana kupitia matundu madogo sana, na kompyuta ndiyo inayoamuru. Zinapata nguvu nyingi na kula kidogo, lakini zinaomba mazutu safi. Ile 1HZ ina pampu ya chuma isiyongoja kompyuta. Inavumilia mazutu duni, ingawa maji na uchafu vinaiua nayo pole pole. Fikiri mazutu yanavyofika machimboni: yametolewa katika tangi, yametiwa katika pipa, kutoka pipa mpaka bidoni, kutoka bidoni mpaka chupa, na mvua inanyesha. Moteri ya kisasa ikinywa mchanganyiko ule, mtengenezaji wake hayuko Mongbwalu.

Mwaka 2023 Toyota ikaonyesha 70 iliyobadilishwa tena: moteri ya mazutu ya lita 2,8, silinda 4, yenye turbo, na giya zinazojibadilisha zenyewe. Nguvu yake inapita farasi 200, na moteri ni ndogo kuliko ile ya 1990. Na usoni? Taa za mviringo zimerudi! Kama Jeep ya 1997. Watu wa Japani nao wanajua kwamba moyo wa mnunuzi unapenda kumbukumbu. Ni motokari nzuri sana kwa mtu aliye karibu na mafuta safi na garaji yenye kompyuta. Kwa mwingine, ni mgeni wa heshima asiyekula chakula cha nyumba.

BASI TUNUNUE IPI?

Jamaa nyingi za machimbo zinajua feza ya dhahabu inavyokuja: kwa ghafula, na kwa makelele ya jirani. Siku ile kijana anataka motokari yenye uso mpya kusudi watu waone. Hatumchekeshi, wote tulikuwa vijana. Lakini motokari haichimbi dhahabu. Inakula kwanza, kiisha inazaa, kama imechaguliwa vizuri. Tena feza ile ilikuwa pia ya masomo ya watoto, ya dawa, na ya mabati ya mama. Kabla ya kulipa, fanyeni haya, na mfanye pamoja kama jamaa.

Kwanza, someni kibao na shasi. Namba ya shasi imepigwa katika chuma chenyewe, upande wa kuume karibu na gurudumu la mbele. Ilingane na namba ya kibao na ya karatasi. Uso unaweza kubadilishwa kwa siku moja katika garaji. Namba iliyopigwa katika chuma ikiguswa, inaacha alama: kusugua, kuchomelea, rangi mpya mahali padogo. Ukiona alama ile, rudi nyumbani na feza yako.

Pili, tofautisheni mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kufika. Motokari iliyotengenezwa 1996 na kuingia Ituri 2008 haikuzaliwa 2008. Muuzaji akisema mwaka, mwulize ni mwaka gani kati ya hiyo miwili.

Tatu, lala chini. Mnunuzi asiyelaza mgongo katika vumbi ananunua rangi. Tazama shasi kwa kutu na kwa mahali palipochomelewa. Shasi iliyopasuka kwa sababu ya mizigo mingi haiponi kwa rangi, hata kama ni ya mwaka jana.

Ine, jaribuni breki mbele ya moteri. Watu wetu wanapenda kusikia moteri ikinguruma, kiisha wanatikisa kichwa. Lakini moteri mbaya inakuacha njiani, breki mbaya inakuacha kaburini. Pandeni kilima kidogo, shukeni, simameni. Ikivuta upande mmoja, semeni hapana.

Tano, angalieni usukani. Wenzetu wa Uganda wanaendesha upande wa kushoto, sisi upande wa kuume. Motokari ya kutoka kwao ina usukani upande wa kuume. Katika vumbi la kiangazi, shofere wa motokari ile akitaka kupita kamyo, lazima atoe motokari nzima inje kabla hajaona kinachokuja. Hilo halina uhusiano na mwaka; ya 2015 na ya 1985 zina hatari moja. Kama mmekwisha kuwa nayo, mkae nyuma ya kamyo kwa saburi. Kufika saa moja nyuma si haya.

Sita, gaweni feza katika mafungu matatu: ya kununua, ya kutengeneza katika mwezi wa kwanza, na ya kuweka. Kama bei inamaliza mafungu yote matatu, motokari ile ni ya mtu mwingine, hata ikiwa nzuri namna gani.

Na ninyi vijana mnaopenda ufundi, kazi hii ina nafasi kubwa. Mtu anayejua kwamba 1971 na 1972 hazilingani ijapo jina ni moja, anayejua buloni 5 na buloni 6, anayeweza kusoma HZJ na VDJ bila kukisia, mtu huyo hakosi kazi Bunia. Anzeni na daftari. Kila motokari inayoingia garaji, andikeni namba ya kibao, moteri, resori, breki, na ugonjwa iliokuja nao. Baada ya mwaka mmoja daftari lile litakuwa na maana kupita kelele zote za sokoni.

Motokari ya zamani iliyotunzwa na mtu anayeijua inafika. Ya mpya isiyojulikana na mtu inasimama Kobu, na watu wanashuka kusukuma. Mwaka ni mwanzo wa maulizo. Msiufanye kuwa mwisho wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika njia tunayotumia sisi kila juma, ni kitu gani kinachoharibu motokari zaidi: matope, vumbi, mizigo au mazutu?

2. Motokari tuliyo nayo, au ile tunayopanda kwa kulipa, breki zake zilitazamwa lini? Nani anajua?

3. Kama feza ya motokari ingefika leo, mafungu yetu matatu yangekuwa namna gani, na mama wa nyumba angesema nini?

4. Vijana: nendeni mtazame Land Cruiser mbili tofauti mjini. Ombeni ruhusa ya mwenyewe, someni kibao, hesabuni buloni, tazameni resori za mbele. Bila kuuliza mwaka, semeni kama ni 75 au 79. Kiisha mwulize shofere kama mmepata.

Mwezi ujao, kama tutajaliwa, tutaongea juu ya pikipiki na watoto wanaopakiwa watatu watatu kwenda shuleni. Kaeni salama, na barabara iwe njema kwenu.